Kocha Aliyeangalia Benchi

Mimi ni msusi, na kwangu udadisi ni sehemu ya kazi. Mtu akikaa kwenye kiti changu mpaka nikamaliza kichwa chake bila mimi kujua amegombana na nani, najiona nimefanya kazi nusu. Kwa hiyo msinishangae kwamba siku ya nusu fainali ya mpira wa kikapu wa shule za sekondari, badala ya kutazama mchezo kama mzazi mwingine yeyote, nilimkodolea macho mwanamke mmoja aliyevaa suruali ya michezo iliyopauka magotini. Aliingia ukumbini, akachukua kiti cha plastiki, akakiweka kwenye kona karibu na wachezaji wetu, halafu akakigeuza. Watu wote tulikuwa tumeelekea uwanjani. Yeye alielekea benchi la akiba.

Kwanza nilidhani ana tatizo la macho. Kisha nikadhani ni mzazi wa mmoja wa watoto wa benchi na anamwonea huruma mwanawe. Lakini katika robo ya pili binti yangu aliwapita wapinzani mmoja baada ya mwingine, akatia mpira kikapuni kwa mkono wa kushoto, na ukumbi mzima ukasimama. Yule mama hakugeuza hata shingo. Nilichukia kweli. Mtu amekuja sokoni halafu hataki kuangalia bidhaa, anataka nini?

Binti yangu anajua mpira, na sisemi hivyo kwa sababu nimemzaa. Uwanjani wanamwita Kimondo. Jina hilo sikumpa mimi, ingawa sikulikataa pia. Wakati huo alikuwa anamalizia shule, na tayari kocha wa chuo kimoja kikubwa alikuwa ameshakuja saluni kwangu kutangaza nia. Wateja wangu walimpachika jina la Bwana Viatu, maana viatu vyake vilikuwa vinang'aa mpaka mtu angeweza kujitazama na kupaka wanja. Alinivisha kilemba cha ukoka kwa maneno matamu, nami nikakivaa. Aliniahidi kwamba Kimondo atasoma bure, atalala bure na atakula bure, mradi avae jezi yao.

Kwenye benchi alikuwapo mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu hajaota meno, na Kimondo amemtangulia kuzaliwa kwa miezi michache tu. Shuleni wanamwita Redio, na hilo jina lilinisumbua kwa muda mrefu. Nyumbani mtoto yule ana mdomo mzito ajabu. Ukimuuliza kama ameshiba, anatikisa kichwa. Anaweza kushinda saluni akikunja mataulo na kuchambua rasta, na wateja wakasengenyana mbele yake wakidhani hakuna mtu. Siku moja nilimuuliza Kimondo kwa nini wanamwita Redio mtu asiyeongea. Akacheka. "Mama, huyo akiwa kwenye benchi hazimwi." Nilidhani ananitania, nikaendelea na shughuli zangu.

Mechi ilipokwisha, tumeshinda, nilimfuata mwalimu wa michezo wa shule.

"Yule mama aliyegeuza kiti ni nani?"

"Yule? Ndiye Mama Benchi," akasema, na sauti yake ikashuka kidogo kama anayetaja mtu mkubwa. "Anafundisha timu ya wanawake ya kile chuo kidogo cha ufundi. Unakumbuka zamani walivyokuwa? Vyuo vingine vilikuwa vikipangiwa nao vinawapumzisha wachezaji wao wazuri. Sasa hivi hao hao wazuri wakipangiwa nao wanakosa usingizi."

"Amefanyaje?"

"Hapo ndipo wote tumekwama. Hana hela, hana ukumbi wa maana. Ukiangalia wachezaji wake ukauliza walikotoka, walimu wao wa shule wanakuna vichwa. Hawawakumbuki."

Maneno hayo yaliniingia kichwani yakagoma kutoka. Nikamwambia mwalimu wa michezo kwamba nikimpata yule mama kwenye kiti changu, nitajua. Akacheka, akidhani ni mzaha.

Haikupita wiki akaja mwenyewe.

"Habari za kazi, dada," akasema mlangoni. "Naomba unisuke mistari tu ya kwenda nyuma. Isivute sana, kichwa changu ni chepesi kuuma."

"Karibu, dada. Kaa."

Nilijiweka mkao wa kula. Nilijua amekuja kwa ajili ya Kimondo, na kwamba kichwa ni kisingizio. Kimondo mwenyewe alikuwa mazoezini. Redio alikuwa pale sinki, anasuuza mataulo. Nikachana, nikagawa, nikaanza mstari wa kwanza, nikimsubiri atoe alichonacho moyoni. Akatoa kitu nisichokitegemea.

"Huyu binti anayefua, mkitazama tamthilia nyumbani, yeye anakuwaje?"

"Yupi, Redio? Huyo hatumruhusu kufungua mdomo tukiangalia tamthilia. Anaweza kukaa kimya wiki nzima, halafu anasema nani ataachwa na nani. Na kweli anaachwa. Anatuharibia."

"Anajuaje?"

"Wewe unaniuliza mimi?"

 Redio alikamua taulo la mwisho, akabeba beseni, akatoka nyuma kwenda kuanika. Yule mama alisubiri mlango ufungwe.

"Nimekuja kwa ajili yake," akasema.

Vidole vyangu vikakaza vyenyewe.

"Dada, tulikubaliana hutavuta."

"Samahani." Nikalegeza. "Lakini umekosea mtoto. Mchezaji ni mwingine. Huyu anabeba maji."

"Inawezekana nimekosea. Nimeshakosea mara nyingi, ndiyo maana nauliza maswali ya tamthilia."

Basi nikamshika hapo hapo. Nilimwambia kama anataka mistari inyooke, anieleze ile timu yake aliijengaje, na asinizungushe. Alicheka mpaka kichwa kikahama mkononi mwangu, na nikalazimika kufumua nilichosuka. Akanieleza.

Alipoanza kazi pale chuoni, mipira ilikuwa imelainika kama mito ya kulalia, na wasichana walikuja mazoezini kwa ajili ya kupata fulana. Vyuo vikubwa vilikuwa vinabeba nyota wote wa shule. Yeye aliokota waliobaki, nyota wa daraja la pili, na akala vipigo msimu mzima. Kila mmoja alitaka mpira, na akiupata hakumwona mwenzake.

"Nikajiuliza kwa nini hawaoni," akasema. "Nikagundua kwamba mtu aliyekuwa nyota tangu utotoni hajawahi kutazama mchezo hata siku moja. Kila siku yumo ndani. Mimi mwenyewe nilikuwa wa akiba miaka yote niliyosoma. Nilichokuwa nacho ni macho tu."

"Kwa hiyo ukaanza kuchukua wa akiba."

"Nikaanza kuchukua wa akiba, nikala vipigo zaidi." Alisema hivyo bila aibu. "Wengi wa akiba wamewekwa akiba kwa sababu hawawezi, dada. Huo ndio ukweli. Ilinichukua muda kujua cha kutafuta. Pale kwenye benchi yupo anayekata kucha, yupo anayetafuta mchumba kwa macho, yupo anayeufuata mpira. Halafu mara chache sana unampata mmoja anayetazama mahali ambapo mpira haujafika bado. Huyo nikimpata, mikono nitamfundisha. Macho siwezi kumfundisha mtu mzima, au naweza kwa shida sana."

"Na Redio ni huyo?"

"Sijui. Kuna kitu nilikiona siku ile, lakini sina hakika nilichokiona. Naomba ruhusa yako nijaribu jambo moja. Nimeshaongea na mwalimu wao. Wana mechi ya kirafiki kabla ya fainali. Njoo ukae na mimi."

Ningesema hapana. Mama mwenye akili angesema hapana. Lakini alikuwa ameshaniwasha, na mtu aliyewashwa hutafuta mahali pa kujikuna. Nikamwambia nitakuja.

Siku ya mechi ya kirafiki niliketi kando yake, viti vyetu vyote viwili vimegeuzwa, na nikajisikia kama mtu aliyekaa kinyume ndani ya basi. Nilikuwa karibu na benchi kwa mara ya kwanza. Siku zote mimi hukaa ng'ambo, kwenye ngazi, pamoja na wazazi wenye vuvuzela. Ndipo nilipomsikia Redio.

Mtoto yule alikuwa haachi kuongea. Hakuwa anapiga kelele za kushangilia. Sauti yake ilikuwa ya chini kidogo, kavu, ya mtu anayesoma taarifa. "Kulia kwako. Anakuja mwingine nyuma. Subiri. Subiri. Sasa." Halafu, "Huyo amechoka, mpite." Halafu, "Usipige, mpe namba tisa." Na mara mpira ulikuwa kwa namba tisa. Nilimtazama mdomo, kisha nikageuka kuangalia uwanja, na kila nilipogeuka nilikuta Kimondo ameshafanya. Alisema sasa, mwanangu akaruka. Alisema subiri, mwanangu akasita na mpinzani akapita mbele yake kama mjinga. Mkono wa kushoto uleule ulioinua ukumbi siku ya nusu fainali, niliusikia ukitajwa kabla haujainuka.

Nikatafuta maelezo mengine. Nilijiambia ni bahati, ni mazoea ya watoto waliolala kitanda kimoja. Robo ya tatu ilipoanza, mwalimu wa michezo akamwita Redio, akamwambia aje akae kwetu na asiseme neno mpaka robo iishe. Redio alikuja, akaketi kati yetu, akaweka mikono chini ya mapaja.

Sitaki kusimulia sana kilichofuata. Kimondo alipata mpira, akaudunda, akageuza shingo kuelekea benchi. Akanyang'anywa. Akaupata tena, akageuza shingo tena. Akagongana na mwenzake wa timu moja. Akarusha pasi kwa refa. Watu walicheka, wakidhani anafanya makusudi kwa kuwa ni mechi ya kirafiki. Mimi nilikuwa natazama uso wake, na haukuwa uso wa mtu anayefanya makusudi. Kando yangu Redio alikuwa ameuma midomo kwa maneno aliyozuiwa kuyasema.

Robo ilipoisha, Mama Benchi alimwambia Redio arudi kwenye benchi. Damu ilikuwa imenichemka.

"Umemwaibisha mwanangu mbele za watu."

"Nisamehe, dada. Naona nimemuumiza, na sikutaka. Nilitaka kujua nani kati yao anacheza."

Nilinyanyuka nikaondoka bila kuaga. Nilikasirika mpaka nikapita mlango wa saluni yangu mwenyewe bila kuuona.

Jioni ile ile nilimpigia simu Bwana Viatu. Nilishaona kilichopo mbele: Kimondo akienda chuo kikubwa peke yake, atageuza shingo kila akipata mpira, na hapatakuwa na mtu. Watamtumia mwezi mmoja kisha watamweka kando. Sikumweleza yote hayo. Nilimwambia tu kwamba binti yangu haendi popote bila mdogo wake.

"Hilo dogo sana, mama," akasema Bwana Viatu. "Atakuwa mtunza vifaa wa timu. Mataulo, maji, mipira. Tutampa kitanda na kozi fupi yoyote. Atakaa nyuma ya benchi kila mechi."

Nilishusha pumzi. Watoto wangu wote wawili pamoja, wanakula na kulala bure, tena hakuna atakayejua siri yao. Kimondo aliposikia alinikumbatia kwa nguvu ambazo hajanikumbatia nazo tangu alipokuwa mdogo. Redio alikuwa anapanga vitana kwenye kopo.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Unaonaje?"

"Sawa, mama mdogo."

Akaendelea kupanga vitana, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Hakufikiri hata kwa muda wa kumeza mate. Jambo lingeishia hapo, na kila mtu angekuwa na furaha, kama isingekuwa hii kasoro yangu ya kutaka kujua. Kwa nini alikubali haraka hivyo? Mtu ninayemuuliza kama anataka nywele fupi au ndefu hufikiri zaidi. Nililala nalo, nikaamka nalo. Halafu nikajiambia si vizuri kumkatalia mtu kwa simu, heri niende mwenyewe nikamwambie Mama Benchi ana kwa ana. Huo ulikuwa uongo, na niliujua. Nilitaka kuona.

Ukumbi wa chuo cha ufundi uko nyuma ya karakana ya useremala, na ukiingia unakutana kwanza na harufu ya vumbi la mbao. Paa la bati, taa mbili haziwaki, vikapu vyenye nyavu zilizofumwa kwa kamba. Lakini kilichonisimamisha mlangoni ni kelele. Nimeshawahi kupita karibu na mazoezi mengi, najua sauti zake, viatu na filimbi na kocha anayefoka. Hapa kocha alikuwa kimya, ameegemea ukuta. Benchi ndilo lililokuwa likiongea.

Aliponiona akanipungia mkono, akanionyesha nafasi kwenye benchi katikati ya wasichana. Nikaketi. Kulia kwangu msichana mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba alikuwa anasema, "Nyuma yako yuko mmoja, wa kushoto anadanganya, subiri." Kushoto kwangu mwingine anamwambia mwenzake wa uwanjani avute pumzi mbili. Kila aliyekuwa amekaa alikuwa na mtu wake ndani. Kocha akapiga makofi, msichana mrefu akatoka uwanjani akiwa amelowa jasho, na yule wa miwani akaingia. Yule mrefu hakuomba maji. Alianza kuongea kabla hajakaa vizuri, anamtafutia yule wa miwani njia. Nikahesabu haraka haraka kichwani nani ni nyota wao hapa, nikashindwa. Nilipodhani nimempata, alitoka akakaa kando yangu akaanza kumwangalizia mwingine.

Mazoezi yalipokwisha tulisimama mlangoni, mimi na Mama Benchi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri njiani.

"Nimekuja kukwambia hapana," nikasema. "Wanakwenda chuo kikubwa wote wawili."

"Wote wawili? Redio pia atacheza?"

"Atatunza vifaa."

Hakuonyesha kukasirika, na hilo lilinikera kuliko kama angekasirika. Alipangusa mikono kwenye ile suruali yake iliyopauka.

"Amekubali?"

"Amesema sawa."

"Basi sina la kuongeza. Wewe ndiye mama." Akafikiri kidogo. "Kimondo ningemchukua pia, ujue, kama ningekuwa na nafasi mbili. Sina. Imebaki moja, na siwezi kuikata katikati."

Ningeondoka. Lakini hata bila kiti wala kichwa cha kusuka, bado mimi ni msusi. "Uliongea naye? Redio?"

"Kidogo, siku ile ya mechi, getini. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza masomo, chumba, chakula, vyote. Hakuuliza hata kimoja. Aliniuliza swali moja tu, nami nikamjibu, akaondoka."

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza, 'Kwenu mtu akiingia uwanjani, nani anamwangalizia?'"

Nilisimama pale na harufu ya mbao puani. Ndani wasichana walikuwa wanakusanya mipira huku wakibishana nani alimwambia nani aruke mapema. Nikafikiri: mtoto huyu amekuwa macho ya mwenzake tangu wanajifunza kukimbia, na wazo alilobeba peke yake, bila kumwambia mtu, ni iwapo kuna mahali duniani ambapo mtu mwingine angekuwa macho yake yeye. Nililia. Sijui kulia vizuri, nalia kwa pua. Mama Benchi alinipa taulo lenye jasho la mtu, na nikalitumia.

"Ulimjibuje?" nikauliza.

"Nilimwambia wote. Sasa umeona mwenyewe."

Jumamosi saluni ilikuwa imejaa. Nilikuwa na mteja chini ya mashine ya kukaushia, ile kubwa inayovuma, na mwingine anasubiri. Kimondo alikuwa anaosha kichwa cha mtu, Redio anachambua rasta. Nilikuwa nimepanga kusubiri mpaka wateja waishe, lakini moyo wangu haujui kusubiri.

"Redio," nikasema. "Utakwenda kwa Mama Benchi. Utacheza. Kama unataka. Sasa nakuuliza vizuri: unataka?"

Mikono yake ikasimama juu ya rasta. Yeye anayejua nani ataachwa kabla ya aliyeachwa, swali hili hakuliona likija. Akamtazama Kimondo, akanitazama mimi, akamtazama Kimondo tena.

"Na dada je?" akasema. "Nani atamwangalizia?"

"Nimekuuliza wewe unataka nini."

Akarudisha macho kwenye rasta. "Nataka kwenda," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure. Kimondo alikuwa ameacha kuosha kile kichwa, na mwenye kichwa amelala na povu lake, masikio yamesimama. Mwanangu alinitazama kama nimempiga kofi.

"Kwa hiyo mimi umenitupa, mama."

"Sijakutupa. Nafasi yako chuo kikubwa iko palepale. Nimeshaongea nao."

"Niende nikafanye nini?" Akafunga bomba kwa nguvu. "Uliniona siku ile. Ulikuwa umekaa pale pale. Mimi sioni, mama. Mimi nasikia tu. Watu wanasema Kimondo, Kimondo, na mimi najua mwenyewe kwamba sioni kitu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na sabuni. "Tangu tukiwa darasa la nne najua."

 Nilimpenda mno wakati ule na sikuwa na chochote cha kumpa. Niliogopa kwamba nimemwokoa mmoja kwa kumzamisha mwingine, na hofu hiyo sijaweza kuimaliza mpaka leo ninaposimulia.

Redio alishusha rasta chini. Nadhani alitaka kusema ataghairi, maana midomo yake ilianza kujikunja kwa ajili ya ile sawa yake. Kimondo akamwahi.

"Usiseme sawa," akamwambia. "Ukisema sawa nakupiga." Akafuta pua kwa bega. Kisha akavuta kile kiti kidogo cha kuoshea miguu, akaketi mbele ya mdogo wake, magoti kwa magoti, na sabuni yake ikimdondokea. "Niambie. Huwa unaona nini?"

Katika nyumba yetu, kwenye meza yetu, miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Redio alifikiri. Akainua mkono mmoja, kiganja wazi, kana kwamba anashika kitu hewani.

"Naanza na miguu," akasema. "Mpira unadanganya. Uso unadanganya. Mtu akitaka kwenda kulia, mguu wa kushoto unaganda kwanza. Halafu kuna yule asiyekuwa na mpira..." Na akaendelea, sauti ile ya chini, kavu, niliyoisikia siku moja tu kwenye benchi, safari hii ndani ya saluni yangu. Mashine ilikuwa inavuma juu ya maneno yake, na nilikuwa napoteza nusu yake. Nikaizima.

Mteja aliyekuwa chini yake akainua kichwa, akauliza kama nywele zimekauka. Nikamwambia bado, anyamaze kidogo, mwanangu anaongea.